Mizizi ya Senetwet na Tumbo la Mtoto

Leo tuzungumze juu ya senetwet.

Wengi mnaujua mmea huu. Huota kando ya njia kuanzia Njoro hadi Molo na Kuresoi: maua ya manjano yaliyosimama kama mshumaa, ncha nyeusi, na majani yanayonuka ukiyafikicha. Vijiti vyake vikichomwa hutoa makaa ya kusugulia kibuyu cha mursik. Makaa hayo sina ugomvi nayo. Mursik hainipiti hata mimi.

Ninalosema ni mizizi. Wazee huichemsha, na maji yake machungu hunywewa na mtu mzima aliyefunga choo au anayetaka kusafisha tumbo. Kweli inafanya kazi. Senetwet ni ndugu ya sanamaki, dawa ya kulainisha choo inayouzwa hata katika maduka ya dawa. Ina kemikali zinazochokoza utumbo mpana, nao husukuma kila kitu nje pamoja na maji mengi. Ikizidi hutapisha na kuharisha vibaya, na inaweza kuua. Tembe ina kipimo; sufuria ya mizizi haina.

Sasa fikiria mtoto anayehara. Tayari anapoteza maji, kisha tunamwongezea dawa ya kuharisha! Wakati mmoja tulipokea mtoto wa miezi 10 aliyepewa vijiko vitatu na nyanya yake, kwa upendo kabisa. Macho yameingia ndani, analia bila machozi. Mamake akaniambia, "Sista, tulitaka uchafu utoke wote." Alipona, lakini tulikesha naye.

Mtoto anayehara anahitaji kurudishiwa maji na chumvi. Endelea kumnyonyesha. Changanya pakiti ya ORS na maji safi kwa kipimo kilichoandikwa, umpe kidogo kidogo. Akitapika, ngoja dakika 10, uanze tena polepole. Kliniki utapewa pia zinki, ya siku 10 hadi 14. Maliza zote hata kuhara kukikoma.

Akilegea, akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu, au choo kikiwa na damu, usingoje asubuhi. Na mama mjamzito asiinywe mizizi hii.

Nawe gogo unayetusikiliza, kama mtoto ameshapewa, tuambie tu. Hatutakugombeza. Tunataka kujua ni kiasi gani, na saa ngapi, ndipo tujue pa kuanzia.