Nani Aliambiwa Asubiri?

Aprili 1897, Sultani Hamoud bin Mohammed wa Zanzibar alipotia saini amri ya kufuta utumwa, hakuna mtumwa aliyelala huru usiku ule kwa nguvu ya amri hiyo. Kilichobadilika ni kwamba mahakama hazingetetea tena haki ya bwana juu ya mtumwa wake. Aliyetaka uhuru ilimpasa aende mwenyewe kuuomba mahakamani. Huko aliulizwa atakaa wapi na atajilisha kwa kazi gani. Aliyekosa jibu aliweza kuhesabiwa mzururaji.

Sasa mchukue mtumwa mkulima wa Pemba. Kibanda chake kimo ndani ya shamba la bwana, na muhogo wake umepandwa katikati ya mikarafuu ya bwana huyo huyo. Kudai uhuru kulimaanisha kuhatarisha vyote viwili. Ndiyo maana wengi waliafikiana na mabwana zao: wawafanyie kazi siku kadhaa za juma, waachiwe mahali pa kukaa na kulima. Bwana aliyepoteza mtumwa kwa hukumu ya mahakama alilipwa fidia. Mtumwa hakulipwa kitu kwa miaka yake yote ya jasho. Masuria waliachwa nje ya amri, wakasubiri hadi 1909.

Arthur Hardinge, mwakilishi wa Uingereza Zanzibar, alishikilia kwamba uhuru wa ghafla ungeangusha zao la karafuu, na ushuru wa karafuu ndio uliolisha hazina. Wamisionari na wapinga utumwa wa London walitaka wote waachwe huru mara moja.

Ubishi huo ulikuwa wa zamani. Mwaka 1824 Elizabeth Heyrick, mwanamke wa Leicester, aliandika kijitabu akisema kwamba mpango wa polepole unawafaa wenye watumwa tu. Watunga sheria wa Uingereza hawakumsikiliza. Utumwa ulipofutwa Agosti 1834, watumwa wa makoloni ya Karibiani waliitwa wanagenzi, wakaendelea kuwafanyia kazi mabwana wale wale bila ujira hadi 1838, huku wenye watumwa wakitengewa fidia ya pauni milioni 20. Kisiwa cha Antigua kiliruka hatua hiyo, kikawaacha wote huru mwaka 1834, na miwa iliendelea kuvunwa.

Kwa hiyo Waingereza walipofika Zanzibar na hoja ya subira, ushahidi wa kuipinga walikuwa nao kwa miaka 60. Walichagua karafuu. Huko Tanganyika, ng'ambo tu ya mkondo, watumwa walisubiri zaidi: utumwa ulibaki halali hadi 1922.