Baiskeli Kando ya Turkwel: Njia Hizi Zina Wenyewe

Kwa mkazi wa Lodwar, njia za vumbi zinazofuata Mto Turkwel si jambo geni. Ndizo zinazompeleka mtoto shuleni, mama kuchota maji na mbuzi malishoni. Ni njia za aina hiyo hiyo ambazo mwendesha baiskeli ya mlimani, ile yenye tairi pana na gia nyingi, huzitafuta: ardhi tambarare, kivuli cha miti, vijiji vilivyo karibukaribu na mto usiopotea machoni.

Makala haya yanaeleza jinsi njia hizo zilivyo, nani ana haki juu yake, hatari zilizopo na jinsi faida ya wageni wa baiskeli inavyoweza kubaki kijijini.

Mto na njia zake

Turkwel huanzia Mlima Elgon, ambako hujulikana kama Suam. Hupita Pokot Magharibi, huingia Turkana na kumwaga maji yake katika Ziwa Turkana. Mji wa Lodwar umekaa pale unapokutana na Kawalase, mto wa msimu unaoteremka kutoka upande wa Milima ya Loima.

Ukitoka mjini kuelekea juu ya mto, upande wa Nadapal na kituo cha Turkwel, unapita kati ya miti ya ewoi, mikoma na mashamba madogo ya mtama. Hakuna mwinuko wa kumtoa mtu pumzi. Kazi iko kwenye mchanga, jua na miiba.

Kwingineko nchini, baiskeli tayari ni sehemu ya utalii. Katika Hifadhi ya Taifa ya Hell's Gate, karibu na Naivasha, wageni hukodi baiskeli na kupita karibu na pundamilia na twiga. Katika Msitu wa Karura jijini Nairobi, kuna njia zilizotengewa waendeshaji. Sehemu hizo zina lango, ada na alama. Kando ya Turkwel hakuna lango, na hapo ndipo mgeni anapoweza kukosea akidhani hakuna mwenyewe.

Ekwar: shamba la miti lisilo na ua

Miti ya kando ya mto ina familia zake. Waturkana wa zamani na wa leo huita sehemu hiyo ekwar. Ni kipande cha msitu wa mtoni ambacho familia fulani ina haki ya kukitumia, na haki hiyo hurithiwa. Mipaka haina waya wala nguzo, lakini majirani wanaijua, na ugomvi ukitokea wazee ndio huamua.

Umuhimu wake huonekana wakati wa akamu, yaani kiangazi. Nyasi zikiisha, maganda ya ewoi, yanayoitwa ngitit, huanguka na kuwa lishe ya mbuzi. Familia huyakusanya na kuyaweka akiba. Kikundi cha baiskeli kikipita juu ya maganda hayo, kikikata matawi ili kupanua njia au kuwasha moto chini ya mti, kinaharibu chakula cha mifugo ya mtu katika miezi ambayo hakuna kingine.

Vivyo hivyo kwa mikoma. Matunda yake huliwa, na makuti yake husukwa na akina mama kuwa vikapu na mikeka ya kuuza. Mashamba ya mtama, yaitwayo amana, mara nyingi huzungushiwa ua wa matawi ya miiba. Ua huo si takataka ya kusogezwa kando ili baiskeli ipite.

Kanuni ni rahisi: fuata njia iliyokwisha kukanyagwa, na kabla ya kuingia kijiji usichokijua, simama uwasalimu wazee waliokaa chini ya mti. Dakika chache za salamu na kueleza unakokwenda huondoa shaka nyingi. Ukikutana na mifugo, shuka na usubiri ipite. Kengele na mwendo wa kasi hutawanya mbuzi, na mchungaji mara nyingi ni mtoto.

Mafuriko huja bila wingu

Hatari kubwa zaidi ni maji. Mvua ikinyesha Loima, Kawalase inaweza kujaa hali Lodwar ni jua tupu. Mkondo uliokuwa mchanga mkavu asubuhi unaweza kuwa mto mchana. Ndiyo maana haifai kupumzika, kulala wala kuacha baiskeli ndani ya laga, hata kama ndipo penye kivuli kizuri.

Kwa Turkwel kuna jambo la ziada. Bwawa la Turkwel, lililokamilika mwaka 1991, lipo juu ya mto katika Pokot Magharibi. Bwawa likikaribia kujaa, tahadhari hutolewa kwa wanaoishi chini ya mto. Tahadhari hizo zinawahusu waendeshaji baiskeli pia. Ukisikia tangazo redioni au kutoka kwa chifu, ahirisha safari.

Maji yakiwa yanapita, usijaribu kuvuka ukiwa umebeba baiskeli begani. Mkondo unaofika magotini unatosha kumwangusha mtu mzima, na sakafu ya mchanga huhama chini ya miguu.

Mchanga, joto na mathenge

Tairi nyembamba huzama mchangani. Tairi pana iliyopunguzwa upepo kidogo huelea vizuri zaidi. Baiskeli nzito ya Black Mamba itafika, lakini jiandae kuisukuma sehemu nyingi.

Adui wa tyubu ni mathenge. Mti huu uliletwa katika maeneo kame ya Kenya kuanzia miaka ya 1970 ili kuzuia mmomonyoko na kutoa kuni, kisha ukaenea hadi kuziba malisho na kingo za mito. Mwiba wake ni mrefu na mgumu, na tawi kavu lililofukiwa na mchanga halionekani. Beba pampu, viraka, gundi na tyubu ya akiba. Ukipata pancha, pitisha vidole polepole ndani ya tairi kabla ya kurudisha tyubu, maana mwiba uliobaki utaitoboa tena.

Kuhusu joto, anza safari alfajiri na uwe umefika kivulini kabla ya saa nne na nusu asubuhi. Katika jua kali, mwendeshaji huhitaji takriban nusu lita hadi lita moja ya maji kwa saa. Usitegemee maji ya mtoni bila kuyachemsha au kuyatibu. Kizunguzungu, kichwa kuuma na kuacha kutoka jasho ni dalili za kusimama mara moja, kukaa kivulini na kutafuta msaada.

Kakuma: baiskeli ni kazi

Kilomita 120 hivi kutoka Lodwar, baiskeli ina sura nyingine. Mjini Kakuma, katika kambi iliyoanzishwa mwaka 1992 na katika makazi ya Kalobeyei, baiskeli hubeba abiria, mitungi ya maji, kuni na bidhaa za sokoni. Mafundi wa hapo wamezoea kuziba pancha za mathenge, na ujuzi wao ni mtaji kwa yeyote atakayetaka kukodisha baiskeli kwa wageni.

Mto Tarach, ulio kando ya mji na kambi, ni wa msimu na umewahi kuchukua uhai wa watu. Tahadhari ya Kawalase ndiyo ya Tarach. Mgeni anayetaka kuingia kambini anahitaji kibali kutoka Idara ya Huduma kwa Wakimbizi. Barabara kuu ya Lodwar–Kakuma ina malori yaendayo kasi, hivyo haifai kwa matembezi ya baiskeli, hasa usiku.

Faida ibaki kwa nani?

Mgeni mmoja anayepita na baiskeli ni mpita njia. Kampuni inayotaka kuleta vikundi kila wiki, kuweka kambi au kutengeneza njia mpya ni jambo jingine. Kwa mujibu wa Katiba, ardhi ya jamii ambayo haijasajiliwa hushikiliwa na serikali ya kaunti kwa niaba ya jamii. Pale ardhi ilipokwisha kusajiliwa, Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 inataka mkataba wa uwekezaji uidhinishwe na thuluthi mbili ya wanajamii watu wazima katika mkutano wao.

Kwa hiyo, wakazi wakifuatwa na mwekezaji, waulize mapema: nani atakuwa kiongozi wa njia? Wageni watakula na kulala wapi? Vikapu vitanunuliwa kwa nani? Mti wa ekwar ukiharibiwa, atalipa nani? Majibu yaandikwe, na yasomwe mbele ya wote, wakiwemo akina mama na vijana.

Mkazi mwenye swali kuhusu njia inayopita katika eneo lake anaweza kuanzia kwa mzee wa kijiji, chifu au msimamizi wa wadi. Ni afadhali swali hilo liulizwe kabla ya njia kufunguliwa, si baada ya miti kukatwa.