Herufi moja tu: uvimbe wa ubongo unavyoanza

Juzi nilikuwa Kariakoo, Mtaa wa Kongo, natafuta kitenge. Mama mwenye duka akaniuliza nasoma nini chuoni. Nikamwambia, vinasaba. Akanyamaza kidogo, kisha akanisogezea kigoda.

"Mwanangu, mdogo wangu kapasuliwa kichwa. Wamekuta uvimbe wa saratani, na daktari anasema ni mambo ya vinasaba. Ana watoto watatu. Sasa na wao wanayo?"

Jibu fupi ni kwamba, kwa watu wengi sana, hapana. Kwa nini? Hebu tuanze na jina la soko lenyewe.

Kariakoo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Jina lilipita mdomo hadi mdomo mpaka likawa Kariakoo. Nairobi nako jina hilohilo likaishia kuwa Kariokor. Asili moja, nakala mbili, kila moja na kosa lake, na bado kila mtu anafika sokoni. Makosa mengi ya vinasaba yako hivyohivyo, hayamdhuru mtu.

Seli ikitaka kugawanyika, inanakili DNA yake yote: herufi kama bilioni 3 za upande wa mama na nyingine kama hizo za upande wa baba. Zipo protini zinazopitia nakala na kusahihisha, lakini kosa mojamoja linaponyoka. Likitokea kwenye seli moja ya ubongo wa mtu mzima, linabaki kwa seli hiyo na watoto wake. Halifiki kwenye mbegu za uzazi. Ndiyo maana watoto watatu wa yule kaka hawakulirithi. Kuna koo chache zinazorithi kosa, kwa mfano la jeni ya TP53, na huko utakuta ndugu kadhaa wamepata saratani mbalimbali wangali vijana. Mama alihesabu ndugu zake kwa vidole, hakupata hata mmoja.

Sasa kosa linaloleta balaa likoje? Mfano ninaoupenda ni jeni ya IDH1. Herufi G inageuka kuwa A, basi. Katika protini yenye asidi amino 414, ile ya 132 inabadilika kutoka arjinini kuwa histidini. Ungetegemea kimeng'enya hicho kiharibike tu, kiache kazi. Kumbe kinaanza kazi nyingine! Kinatengeneza kemikali inayofupishwa 2-HG, ambayo inavizuia vimeng'enya vinavyofuta alama zilizobandikwa kwenye DNA. Alama zinarundikana, seli inashindwa kukomaa, inabaki changa na kuendelea kugawanyika. Wanasayansi waliligundua kosa hili kwenye uvimbe wa ubongo mwaka 2008.

Peke yake halitoshi. Mara nyingi yanafuata makosa mengine, kama la TP53, ambayo ni breki ya seli. Glioblastoma, uvimbe mkali zaidi, hupita njia tofauti: mara nyingi jeni ya EGFR inajirudufu nakala nyingi, yaani mguu unabaki kwenye mafuta.

Chini ya hadubini aina hizi mbili zinaweza kufanana sana, ila mgonjwa hasubiriwi na mambo yaleyale. Katika jaribio kubwa lililochapishwa 2005, nusu ya wagonjwa wa glioblastoma waliopewa mionzi pamoja na dawa ya temozolomaidi waliishi zaidi ya miezi kama 15. Wenye kosa la IDH kwa kawaida huishi muda mrefu zaidi, mara nyingi miaka kadhaa. Ndiyo maana tangu 2021 mwongozo wa Shirika la Afya Duniani hautaji glioblastoma ya mtu mzima bila kwanza kuangalia IDH. Na mwaka 2024 Marekani iliidhinisha vorasidenibu, dawa inayozuia kimeng'enya hicho kilichogeuka, kwa uvimbe wa daraja la pili.

Kwa Dar, safari ya mgonjwa inajulikana: upasuaji MOI pale Muhimbili, mionzi Ocean Road. Kuijua IDH si lazima uwe na mashine ya kusoma DNA. Ipo kingamwili inayonata tu kwenye protini yenye kosa lile la 132. Unaipaka kwenye kipande chembamba cha uvimbe, kikigeuka kahawia umelipata. Haikamati makosa yote ya IDH, ila inakamata yale ya kawaida zaidi.

Mama alinisikiliza, halafu akauliza kwa sauti ya chini, "Kwa hiyo hakuna mtu aliyemfanyia?"

"Hakuna, mama. Seli ilikosea kunakili."

Akachana kipande cha boksi, akanipa kalamu. "Niandikie hilo jina. Alhamisi tunarudi kwa daktari."

Nikaandika kwa herufi kubwa: IDH.