Kalenda Mbili za Anayemsubiri Mfungwa

Tarehe 9 Desemba 2019, Siku ya Uhuru, Rais John Magufuli wa Tanzania alitangaza msamaha kwa wafungwa 5,533. Tarehe 26 Aprili 2021, Siku ya Muungano, Rais Samia Suluhu Hassan akawasamehe wengine 5,001. Zilikuwa habari njema, na ndugu walikuwa na haki ya kupiga vigelegele. Ila kila aliyetoka alikuwa na swali la kujibiwa kabla jua halijazama: leo analala wapi? Swali hilo kwa kawaida halijibiwi na ofisi yoyote. Hujibiwa na mke au mwenza ambaye kwa miaka kadhaa amekuwa akilipa kodi ya chumba peke yake.

Mtu huyo akianza kutafuta pa kumpokelea mwenzake, huambiwa tatizo ni fedha, au ni aibu. Yote mawili yapo. Lakini chini yake kuna tatizo la tatu lisilosemwa sana, nalo ni la tarehe. Gereza lina kalenda yake, mwenye nyumba ana yake, na kalenda hizo mbili hazisemezani.

Tuanze na ya gereza. Sheria ya Magereza ya mwaka 1967 inampa mfungwa mwenye nidhamu punguzo la theluthi moja ya kifungo. Kwa hiyo aliyehukumiwa miaka mitatu hutarajiwa kutoka baada ya miwili. Akiharibu nidhamu, punguzo linaweza kupungua na tarehe ikachelewa. Msamaha wa Rais, unaotolewa chini ya Ibara ya 45 ya Katiba, hufanya kinyume chake: huiwahisha tarehe, na familia hupata habari redioni kama watu wengine.

Zipo njia nyingine mbili za kumaliza kifungo nje ya gereza. Parole huwahusu wenye vifungo vya miaka minne au zaidi waliokwisha kutumikia theluthi moja, ukiacha makosa ambayo sheria imeyatenga. Huduma kwa jamii, chini ya sheria ya mwaka 2002, ni kwa vifungo visivyozidi miaka mitatu. Katika njia hizi, mahali mtu atakapoishi ni sehemu ya uamuzi wenyewe. Afisa hufuatilia anatoka wapi, anakwenda kwa nani, na mtaa unamwonaje. Kwa mfungwa wa aina hii, makazi yanayojulikana na mtu aliye tayari kumpokea yanaweza kuchangia kumtoa.

Sasa ya mwenye nyumba. Dar es Salaam na katika miji mingi nchini, kodi hulipwa kwa mkupuo: miezi mitatu kwa mwenye nyumba mpole, sita kwa wengi, mwaka mzima kwa wengine. Dalali naye ana mwezi wake. Chukua chumba cha shilingi 50,000. Miezi sita ni 300,000, dalali 50,000, jumla 350,000 kabla hujanunua hata ndoo. Sheria ya udhibiti wa kodi za nyumba ilishafutwa, hivyo masharti haya ni maelewano ya watu wawili, na katika maelewano hayo mwenye funguo ndiye mwenye sauti.

Weka kalenda hizo pamoja uone matokeo yake. Mwanamke anayehama mapema, akaacha chumba kimoja akachukua chumba na sebule kwa matumaini ya msamaha wa Desemba, anaweza kumaliza mkataba mzima akimlipia kodi mtu aliye ndani. Anayengoja mpaka amwone mlangoni naye atakutwa katikati ya mkataba, kwenye chumba anachoishi na watoto na mdogo wake. Njia ya kati ni kutoihamisha nyumba kwa sababu ya tetesi. Aulize gerezani, siku ya kutembelea, tarehe iliyomo kwenye kumbukumbu baada ya punguzo. Asitegemee hesabu za mfungwa mwenyewe, ambaye kichwani ameshajumlisha misamaha ambayo haijatangazwa. Kisha aombe mkataba wa miezi mitatu mitatu, hata kama kodi ya mwezi itapanda kidogo, ili mwisho wake uangukie karibu na tarehe hiyo. Chumba kidogo kilicholipiwa kina nafuu kuliko kikubwa chenye deni, kwa sababu anayetoka mara nyingi hukaa miezi bila kipato.

Ikiwa wawili hao wana nyumba yao, hesabu inabadilika. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinakataza mwanandoa mmoja kuuza, kupangisha au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na kinampa asiyeandikwa kwenye hati maslahi anayoweza kuyalinda kwa kuweka zuio. Kufungwa hakumwondolei mtu ndoa. Hilo ni la kukumbuka pale ndugu wa mume wanapoanza kusema nyumba ya kaka yao ikabidhiwe ukoo. Kwa walioishi pamoja bila cheti, kifungu cha 160 kinaruhusu dhana ya ndoa baada ya miaka miwili ya kuishi kama mke na mume, ingawa dhana hiyo inaweza kupingwa mahakamani.

Kwa wazazi wa mume ndiko wengi husukumwa. Hakuna kodi, na kijijini huenda kuna shamba. Bei yake ni mamlaka. Kule maamuzi yatakuwa ya baba mkwe na mashemeji, na mwanamke aliyekuwa akiendesha nyumba peke yake atalazimika kuomba ruhusa ya kwenda sokoni. Kama mwenye kipato ni yeye na biashara yake iko mjini, kuhamia ukweni ni kukata mkono unaolisha wote.

Hatua inayofuata ni mtaa. Mpangaji akiongezeka, mwenye nyumba atajua, na mjumbe pia. Wapo wanaoshauri kunyamaza. Lakini siri ya jela haikai kwenye nyumba yenye wapangaji sita na choo kimoja. Anayesema mapema huchagua maneno yake: “Mama, mume wangu amemaliza kifungo, anarudi mwezi ujao, kodi naendelea kulipa mimi.” Anayenyamaza hukuta hadithi imeshasimuliwa na wengine, kosa likiwa limekuzwa. Pamoja na hilo, mkataba ubaki kwa jina la aliyekuwa akilipa. Hatua hiyo haimdhalilishi anayerudi. Maisha yao yakienda mrama, watoto hawatatolewa nje pamoja naye.

Lakini jibu la hapana, yaani kukataa kumpokea, nalo ni halali. Kifungu cha 107 cha Sheria ya Ndoa kinataja kifungo cha miaka mitano au zaidi miongoni mwa mambo ambayo mahakama inaweza kuyachukua kuwa ushahidi kwamba ndoa imevunjika. Na kama kosa lilitendeka ndani ya nyumba, dhidi ya mke au mtoto, kumtafutia mkosaji chumba si wajibu wa aliyeumizwa. Mwambie afisa ustawi wa jamii mapema, ili ripoti kuhusu makazi ya mfungwa isiandike anwani yako kana kwamba umekubali.

Haya yote ni namna ya mtu mmoja kujipanga kati ya kalenda mbili. Kuzipatanisha, hata hivyo, ni rahisi zaidi kwa upande wa gereza. Mwanamke hulazimika kutafuta shilingi 350,000. Gereza lingehitaji karatasi moja: barua kwa familia miezi mitatu kabla ya mfungwa kutoka, yenye tarehe iliyokokotolewa, ambayo mwenza angeweza kumwonyesha mwenye nyumba. Kwa waliosamehewa, maofisa wangeweza kupiga simu moja kabla ya lango kufunguliwa, kuhakikisha yupo wa kumpokea. Bila hayo, sehemu kubwa ya urekebishaji wa wafungwa nchini itaendelea kulipiwa kodi na mtu ambaye hakuhukumiwa.