Kuoanisha Pini na Gridi ya Njia katika Usanifu wa Saketi Jumuishi

Makala haya yanafafanua kanuni moja ya usanifu wa saketi jumuishi. Hoja yake kuu ni kwamba pini ya seli inaweza kutimiza sheria zote za kiwanda na bado isiunganike vizuri na waya.

Mchoro wa chipu hutawaliwa na gridi mbili. Gridi ya utengenezaji ni hatua ndogo kabisa ambayo kona ya umbo huruhusiwa kusogezwa. Gridi ya njia ni mistari ambayo programu hupitishia nyaya. Ya kwanza husimamia uhalali wa umbo. Ya pili husimamia ufikikaji wake.

Tofauti hiyo inafanana na hali ya makazi kandokando ya barabara kuu itokayo Lusahunga, wilayani Biharamulo, hadi Rusumo, wilayani Ngara. Nyumba iliyojengwa ndani ya mipaka ya kiwanja chake ni halali. Hata hivyo, ikiwa mlango wake haukuelekezwa kwenye njia, atakayeufikia hulazimika kukatiza kiwanja cha jirani.

Mfano halisi ni teknolojia ya nanometa 130 ya SkyWater, ambayo Google na SkyWater waliifungua kwa umma mwaka 2020. Gridi yake ya utengenezaji ni mikrometa 0.005. Katika maktaba yake ya seli zenye msongamano mkubwa, njia za wima hupishana kwa mikrometa 0.46, na ya kwanza huwa 0.23 kutoka ukingo wa seli. Hivyo basi, pini nyembamba yenye kitovu 0.69 iko juu ya njia ya pili. Pini yenye kitovu 0.75 nayo ni halali, kwani 0.75 ni hatua 150 kamili za kiwanda. Lakini imeikosa njia kwa 0.06. Programu italazimika kupinda waya, na pindo hilo hula nafasi ya waya wa jirani.

Kuanzia nusu ya 0.46 kuna sababu: huzuia njia kuangukia mpakani mwa seli mbili. Aidha, kwa kuwa upana wa seli ni kigawe cha 0.46, seli yenye upana wa 1.84 ikigeuzwa kama taswira ya kioo, pini ya 0.69 huhamia 1.15, ambayo ni njia ya tatu.

Uhakiki wake ni rahisi, iwe mchoro umefanywa kwa Magic au KLayout: toa 0.23 katika kitovu cha pini, kisha gawanya kwa 0.46. Jibu lisipokuwa namba nzima, pini iko nje ya njia. Kwa njia za mlalo za tabaka la kwanza la metali, tumia 0.17 na 0.34.

Kwa mtahini, inafuata kwamba ripoti isiyo na kosa la sheria za kiwanda haitoshi kuthibitisha kuwa seli inatumika. Tasnifu inayowasilisha seli mpya yapasa kuonesha pia nafasi ya kila pini juu ya gridi ya njia.