Mtoto Akiuliza Habari za Kabila, Baba Ajibu Nini?

Tuingie kwa mawazo katika nyumba moja ya mtaa wa Saio, hapa Bunia, saa ya chakula cha jioni. Kijana wa miaka kumi na mitano aweka chini tonge lake, auliza: "Papa, ni kweli kwamba Walendu ndio waliomwua babu?" Nyumba ya tatu kutoka hapo, kijana wa kabila lingine auliza naye: "Papa, ni kweli kwamba Wahema ndio waliotunyang'anya mashamba?" Na baba, kule na huku, hajibu. Asema tu, "Kula, sombe inapoa." Mama ainama, akusanya sahani, na mazungumzo yamekwisha.

Twawajua wazazi hao, wala hatuwacheki. Wengi wao walikuwa watoto wenyewe katika Mei 2003, wakati mji huu ulipogeuka uwanja wa vita, na mapadre wawili wakauawa katika parokia ya Nyakasanza pamoja na watu waliokimbilia humo. Aliyeyaona hayo hapendi kuyarudia mezani. Tena wako wanaonyamaza kwa nia njema, wakidhani kwamba mtoto asiyesikia habari za chuki hatakuwa na chuki. Hapo ndipo tunapoachana nao. Mtoto aliyenyimwa jibu nyumbani hakosi jibu. Atalipata kwa vijana wa pikipiki penye njia panda, au katika simu yake, ambamo sauti za watu wasiojulikana zapita usiku kucha. Nalo litakuwa jibu fupi, jepesi kushika, lenye adui ndani yake.

Katika Ituri hilo si jambo la maneno tu. Tarehe 14 Machi 2012 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, huko The Hague, ilimtia hatiani Thomas Lubanga, mkuu wa chama cha UPC kilichoshika Bunia mwaka 2002. Kosa lake lilikuwa kuwaandikisha watoto wasiofika miaka 15 na kuwatumia vitani. Watoto hao walikuwa na wazazi. Wengine walikamatwa njiani, wengine walitolewa na jamaa zao wenyewe. Wengine walikwenda kwa miguu yao, kwa kuwa ndugu zao wameuawa, na hapakuwa na mtu wa kuwaonyesha jambo lingine la kufanya. Na tangu Desemba 2017, vita iliporudi Djugu, makundi yenye silaha yametafuta tena vijana wa umri ule ule.

Basi, baba aseme nini? Aseme ukweli, na aseme wote. Asimulie kwamba ugomvi ulioanza Juni 1999 katika Djugu ulikuwa wa mashamba. Utawala wa Wabelgiji uliwapendelea Wahema kwa shule na kazi. Sheria ya ardhi ya 1973 ikafanya udongo wote kuwa mali ya Serikali, na wenye elimu na cheo ndio waliojua njia ya kupata hati. Malalamiko ya Walendu, basi, hayakutoka hewani. Lakini mkulima wa Kihema aliyechomewa nyumba hakuwa na hati wala cheo. Alikuwa maskini kama jirani yake. Tena aseme habari za majeshi ya nje: mwaka 2005 Mahakama ya Haki ya Kimataifa iliona kwamba Uganda ilikuwa imeikalia Ituri kwa nguvu, na mwaka 2022 ikaiamuru kulipa fidia ya dola milioni 325. Kijana akiyajua hayo, hataridhika kwa urahisi na neno "wale ndivyo walivyo".

Kisha lipo lililo gumu zaidi. Kuna familia ambazo watoto wake wote walijua jina la Bogoro, kijiji cha njia ya Kasenyi, ambako Wahema wengi waliuawa tarehe 24 Februari 2003. Kuna familia nyingine ambazo watoto wake wote walijua jina la Kobu, ambako Walendu waliuawa katika shamba la migomba mwezi ule ule. Ni wachache mno wanaoyajua majina yote mawili. Kwa Bogoro alihukumiwa Germain Katanga. Kwa Kobu, pamoja na makosa mengine mengi, alihukumiwa Bosco Ntaganda. Watu hao walisimama kizimbani kwa majina yao wenyewe. Kabila halikusimama pale. Mzazi amfundishe mtoto majina yote mawili, na aanze na lile ambalo watu wake mwenyewe ndio wenye lawama. Twajua kwamba ni uchungu. Lakini mtoto aliyemsikia baba yake akikiri kosa la upande wake atamwamini atakaposimulia maumivu ya upande wake.

Mtihani huu si wetu peke yetu. Wayahudi, kila mwaka usiku wa Pasaka yao, wana desturi kwamba mtoto mdogo aulize, na wakubwa wasimulie mateso ya Misri, kama Kitabu cha Kutoka kilivyoagiza. Kitabu hicho hicho chawakataza kumwonea mgeni, kwa kuwa wao wenyewe walikuwa wageni. Na siku hizi kati yao wazazi na vijana hubishana kwa ukali juu ya vita vya Israeli na Gaza, hata sahani zikabaki na chakula. Wanaoulizwa na watoto wao walau wanajua kwamba watoto bado wanataka jibu la nyumbani.

Huenda kijana atamjibu baba kwa ukali: "Usiku wa kwanza wa Februari 2022 watu kama 60 waliuawa katika kambi ya Plaine Savo, na Serikali ilikuwa imekwisha kutangaza hali ya dharura tangu Mei 2021. Nani alitulinda? Papa, wewe ni mwoga." Mkono wa baba usinyanyuke. Heshima kwa mzazi ni amri ya Mungu, lakini swali hilo halina utovu wa heshima. Ni swali ambalo watu wazima nao wameshindwa kulijibu. Akubali kwamba hofu ya kijana ina sababu. Kisha amwulize: kundi hilo likisha kukupa bunduki, watakutuma kwenye nyumba ya nani? Na mama wa nyumba hiyo huongea lugha gani? Wahema wengi wa kaskazini huongea Kilendu tangu utoto.

Baba na mama wapatane kwanza wao wawili, maana mtoto huona upesi wanapopingana. Na kama nyanya yumo nyumbani, aulizwe kwa upole, asilazimishwe. Huenda atamtaja jirani wa kabila lile lile la waliowashambulia, aliyemficha chini ya kitanda chake hadi alfajiri. Habari za namna hiyo zipo Ituri, na wajukuu hawajazisikia kwa sababu hawajawahi kuuliza.