Pemba ni Dakika Ngapi?

Ukiulizia mtandaoni umbali wa ndege kutoka Zanzibar hadi Pemba, tazama kwanza umeletewa Pemba ipi. Ile ya Msumbiji, iliyoitwa zamani Porto Amélia na ndiyo maana tiketi zake huandikwa POL, iko zaidi ya kilomita 750 kusini. Yetu ni PMA. Kutoka uwanja wa Abeid Amani Karume ni kama kilomita 125 kwa mstari ulionyooka. Marubani watakwambia maili 68 za baharini.

Muda wenyewe unategemea upepo. Chukua Cessna Caravan, ndege ya injini moja iliyozoeleka visiwani, ikienda kilomita 300 kwa saa. Hewa ikitulia, ni dakika 25. Kusi ikiisukuma mgongoni kwa kilomita 40 kwa saa, zinabaki 22, ila wakati wa kurudi Unguja utalipa deni hilo: karibu dakika 29. Kaskazi ikiingia, hesabu inageuka.

Kabla ya yote hayo kuna mizani. Kwenye ndege ndogo halipimwi begi peke yake. Mara nyingi na wewe mwenyewe unaombwa upande, na hapo hakuna cha kuona haya. Ruhusa ya kawaida ya mzigo ni kilo 15, na afadhali begi liwe laini, kwani mizigo huingizwa chini ya tumbo la ndege, mahali pasipopenda sanduku gumu. “Bi mkubwa, hili haliingii,” anaambiwa mama mwenye zawadi za harusi, na foleni nzima inasubiri afungue, apunguze, afunge tena. Kisha viti: rubani lazima ajue uzito umekaa wapi, kwa hiyo bwana mnene anaweza kuhamishiwa mbele na mkewe akabaki nyuma.

Ukipata nafasi ya kuchagua, kaa kushoto. Mkishaiacha pwani ya mashariki ya Unguja mtaiona Mnemba, halafu maji matupu kwa takriban kilomita 50. Ni upande huo wa Nungwi, kaskazini mwa Unguja, ndiko meli ya MV Spice Islander I ilikozama Septemba 10, 2011 ikielekea Pemba, wakafa mamia ya watu. Simshangai anayekumbuka asubuhi ile akiona nauli ya ndege si anasa.

Boti za kutoka bandari ya Malindi, Unguja, hushusha Mkoani, kusini mwa kisiwa, na kutoka hapo bado kuna safari ya gari hadi Chake Chake. Ndege inakuacha jirani na Chake kabisa. Hiyo ni faida kubwa kwa mtu wa Chake. Mtu wa Konde, kaskazini, asijisifu mapema: daladala ya kumfikisha kwao itakula muda mrefu kuliko ndege iliyomvusha bahari.